Abiria wa Udongo

Sitakula kiapo kwa ajili ya habari hii. Nina cherehani yangu, nina wateja wangu, na umri wangu umeshapita ule wa kubembeleza watu waniamini. Nasimulia niliyoyaona kwa macho yangu, na mengine niliyoambiwa na mtu aliyeyaona kwa macho yake. Atakayecheka na acheke. Hata shemeji yangu Idrisa alicheka.

Siku ilianza vizuri tu. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko hapa Lushoto, ukungu umeshapanda, kijua cha baridi kimetoka, na akina mama wa Kwai wamejaza njia kwa kabichi na karoti. Nilikuwa kibandani kwangu napinda mapazia ya mteja. Mara naona koti la rangi ya machungwa, lile la kung'aa, linakatiza katikati ya soko. Nikajua huyo ni Idrisa. Nani mwingine angevaa koti la kazini siku ya mapumziko, huku juu milimani, ili wauza karoti wamwone?

Idrisa ndiye aliyemuoa mdogo wangu Husna. Ni dereva wa treni, na sikatai, kazi anaijua. Lakini tangu apelekwe nje kusomea treni za umeme alikuwa hakaliki naye. Alirudi anaongea kwa pua. Mimi ni dada mkubwa wa mke wake, na shikamoo yangu akawa ananipa nusu, huku macho yako kwenye simu. Baba yetu akimuuliza habari za safari, anajibiwa mambo ya volti. Mzee wa watu anaitikia kwa kichwa, anarudi kwenye migomba yake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Bondeni, ng'ambo ya Mombo, kampuni moja ilikuwa imetandika kipande cha reli kupita kwenye mashamba ya zamani ya mkonge, na juu yake waya wa umeme. Hapo ndipo vichwa vipya vya treni ya abiria vilikuwa vinaletwa kujaribiwa kabla ya kuruhusiwa kubeba watu. Vinakimbizwa, vinapigwa breki, vinakimbizwa tena. Na kwa kuwa treni ya abiria huwezi kuipima ikiwa tupu, na watu wenyewe huwezi kuwahatarisha, waliweka magunia ya udongo kwenye viti vya mabehewa. Kila kiti na gunia lake, limefungwa mkanda, limekaa wima kama mtu.

Huo udongo waliuchota wapi? Hapo ndipo penye maneno.

Reli ilipita katikati ya shamba la zamani la babu yake Idrisa, Mzee Ismaili, pale chini milima inapoanzia. Mzee alizikwa shambani mwake, pamoja na mkewe na ndugu zake. Wenye makaburi waliambiwa mapema wahamishe watu wao. Sasa katika koo zetu zote mbili, kaburi la zamani ambalo halina kitu tena linahamishwa kwa udongo. Mkubwa anasimama juu yake, anamwita marehemu kwa jina, anamwambia inuka, tunasafiri. Anachota udongo, anaufunga kwenye kitambaa cheupe, anaubeba bila kuutua chini njiani. Akifika kwenye makao mapya anasema: tumefika, pumzika. Na neno hilo la kufika linasemwa na yule yule aliyeita, hakuna wa kumsaidia. Asiposema inakuwaje? Hatukuwahi kuambiwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwa mpumbavu kiasi cha kujaribu.

Kazi hiyo ilikuwa ya Athumani, baba mdogo wa Idrisa, maana ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki upande wao. Athumani kwa wasiomjua ni mtu wa koti na kofia. Kwenye hitima anakaa mbele, anakohoa kabla ya kusema neno, na akiambiwa ashike hata jagi la maji ya kunawa anakamata kiuno. Alisema atawahamisha wazee baada ya mvua. Mvua zikaisha, akasema baada ya mavuno. Mashine hazikuja kusubiri mavuno ya Athumani. Zilifukua, zikasukuma udongo pembeni ukawa rundo. Vibarua walipoambiwa wajaze magunia, wakachota kwenye rundo lililokuwa karibu. Wao walikuwa wanajua nini?

Idrisa alikuwa anajua. Nataka hilo lieleweke mapema, watu wasije wakamsikitikia bure. Alikuwa anajua kaburi la babu yake lilikuwa wapi, na aliyaona magunia yakijazwa. Mila ya kuhamisha aliiona tangu utotoni kama nilivyoiona mimi.

Basi siku ile ya soko akavuta kigoda changu, akakaa bila kukaribishwa, akaanza kunisimulia huku anacheka. Eti walikuwa wanajaribu spika za ndani ya mabehewa. Akatakiwa mtu aongee lolote kwenye maiki ya dereva, wenzake wasikilize huko nyuma kama sauti inafika. Yeye akaishika. Akaigeuza sauti yake iwe ya kizee, kama ya Athumani akiwa hitimani, na kwa Kishambaa kilichonyooka akaita: Mzee Ismaili, inuka, na wote mliolala naye inukeni, tunasafiri. Sauti ikafika mabehewa yote. Wenzake wanaojua Kishambaa walivunjika mbavu, alisema. Ni Fanueli tu, yule fundi wa vipimo kutoka Mlalo, ambaye hakucheka, lakini eti Fanueli ni mtu wa kwaya, hajui utani.

Nilisimamisha cherehani.

"Ukawaambia wamefika?"

"Wafike wapi, shemeji?" akasema, anafuta machozi ya kicheko. "Treni ya majaribio haina inakofika. Inakwenda na kurudi."

Nikamsonya, nikarudi kwenye mapazia yangu. Kwa kweli sikuogopa. Nilimwona mtu mzima aliyekosa kazi ya kumpa mdomo wake, basi. Akaondoka na koti lake, akapita njia ndefu, ile inayozunguka soko zima.

Yaliyofuata nilikuja kuyapata kwa Fanueli, na Fanueli si mtu wa kutia chumvi. Kwenye hizo treni mpya kila behewa lina kitufe karibu na mlango. Abiria akipatwa na shida anabonyeza, taa inawaka mbele kwa dereva, wanaongea. Asubuhi moja baada ya ule utani walikuwa kwenye mwendo wa kawaida, mabehewa yote yamejaa magunia, wafanyakazi wote wako mbele. Taa ya behewa la mwisho ikawaka. Idrisa akadhani ni waya umegusana. Akabonyeza ili izime. Badala ya kuzima, ikatoka pumzi, pumzi ya mtu mzee aliyepanda mlima. Kisha sauti, kwa Kishambaa cha taratibu, cha adabu.

"Mjukuu wangu, tumefika?"

Fanueli anasema Idrisa aligeuka kumtafuta anayemtania. Wote walikuwa pale, na wote walikuwa wanaangaliana. Mtu mwingine angeshusha pumzi, angesema pole mzee, angefanya la kufanya. Idrisa akasogeza mdomo kwenye maiki. "Bado," akasema. "Kaa chini." Taa ikazima.

Walipoiingiza treni karakanani, Fanueli akapita kukagua mabehewa. Mikanda ilikuwa imekaza vilevile. Lakini magunia yalikuwa yameinama. Yote. Ya upande wa kulia yameegemea kioo, ya upande wa kushoto yameinamia njia ya katikati, na yote yameelekea upande mmoja, upande wa milima. Fanueli akajiambia ni breki. Akayanyoosha moja moja. Ndipo alipokumbuka kwamba breki inasukuma vitu mbele, haisukumi ubavuni.

Ikawa hivyo kila siku. Treni ikipita pale kwenye shamba la mzee, taa inawaka. Leo behewa hili, kesho lile. Leo sauti ya kike, kesho ya kiume. Swali ni lile lile, bila hasira, kama msafiri anavyomuuliza kondakta. Na Idrisa jibu lake ni lile lile, bado. Ila hakucheka tena baada ya kusema. Na kila jioni magunia yanakutwa yanaangalia milima, na Fanueli anayanyoosha huku anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini ili asisikie anachokisikia. Alichokuwa anasikia hajaniambia hadi leo.

Sasa twende nyumbani kwa Husna. Mdogo wangu alikuwa na mimba kubwa, miguu imemvimba, amebakiza wiki chache tu. Idrisa akipata mapumziko anapanda gari Mombo, anakuja juu. Jumamosi moja Husna amekaa dirishani anachekecha unga wa muhogo wa kupikia bada, akamwona mumewe anakuja na begi lake. Akasimama kwenda kumfungulia. Idrisa akapita. Akapita mlango wa nyumba yake mwenyewe, macho mbele, mwendo ule ule. Husna akamwita. Akageuka, akatabasamu, akasema alikuwa na mawazo.

Safari iliyofuata alipita na hakusikia kuitwa. Watu walimkuta mbali juu huko, msitu wa Magamba unakoanzia, viatu vimelowa, bado anatembea na begi mkononi. Wakamuuliza anakwenda wapi. Akasema anakwenda kwake. Wakamwambia kwako umeshapita. Akasema, bado.

Husna akaja kwangu kwa miguu yake iliyovimba. Hakulia, na hilo ndilo lililoniuma.

"Dada," akaniambia, "mume wangu anakuja lakini hafiki. Nirudishie kabla sijajifungua."

Idrisa kama Idrisa sikuwa na haja naye. Lakini Husna nilimlea mimi, nilimbeba mgongoni wakati nami nabebeka. Nikafunga kibanda, nikaenda kwa Athumani.

Athumani alinipokea amevaa koti, mchana wa jua. Nikamweleza. Akakohoa. Akasema mambo haya ni mazito, yanataka mbuzi, yanataka shuka mpya na gari la kumpeleka, na kiuno chake kama ninavyojua. Nikamwambia kiuno chake nakijua sana. Akakumbuka ghafla kwamba, hata hivyo, yeye siye aliyewaita, na asiyeita hawezi kusema neno la kufika. Alifurahi sana kulikumbuka hilo. Lilikuwa ndilo jambo la kweli pekee kutoka mdomoni mwake mwaka huo, na alilisema ili asishuke Mombo. Kulikuwa na mganga pia, alitumwa na majirani wenye huruma za kijinga. Alinusa mlango wa Husna, akasema anaona nyoka aliyetumwa na mkwe. Nilimwonyesha njia ya kurudi alikotoka.

Ikabaki Idrisa mwenyewe. Nilimkuta nyumbani, siku hiyo Husna alikuwa amemsubiri barabarani na kumshika mkono hadi ndani. Alikuwa amekaa kwenye kiti ameshikilia pande zote mbili za kiti, kama mtu aliye kwenye gari linalokata kona za Soni. Amekonda. Lakini pua ilikuwa pale pale juu. Nikamwambia asimame pale shambani, aseme neno lile, yaishe. Ni neno moja tu.

Akasema wiki inayofuata ni jaribio la mwisho. Wakubwa wa kampuni wanakuja wenyewe kupanda. Likipita, yeye ndiye atakayeendesha safari ya kwanza ya abiria, picha yake itatoka kila mahali. Nikamwambia basi aseme kabla, wakati hakuna mtu. Husna alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza.

"Nikiwaambia wamefika," akasema mwishowe, "nitakuwa nimekubali kwamba wapo."

Hapo ndipo nilipojua anaamini kuliko sisi sote. Alikuwa tayari kutembea hadi mwisho wa dunia na begi lake, lakini si kuonekana mshamba. Akaahidi atasema baada ya jaribio. Husna akamwambia kwamba dada yake, yaani mimi, atakwenda naye siku hiyo, awe na mtu wa kumrudisha. Kampuni ilikuwa imeruhusu kila mfanyakazi alete ndugu mmoja, kwa hiyo hakuwa na la kukataa.

Siku yenyewe joto la Mombo lilikuwa la kuchemsha ubongo, lakini juu milima imefunikwa na ukungu. Wakubwa walikuwa watatu, mashati meupe, chupa za maji mkononi, wanacheka kabla jambo halijachekesha. Walisimama nyuma ya Idrisa kwenye chumba cha dereva. Mimi niliwekwa na Fanueli kwenye chumba chake cha vipimo, mlango wa pili tu, umeachwa wazi. Akanionyesha skrini yake. Mabehewa yamechorwa kwa mstari, chini ya kila moja uzito uliobebwa. Akanieleza pia habari ya pedeli. Chini ya mguu wa dereva kuna pedeli, kila baada ya muda kidogo lazima aikanyage, ndivyo treni inavyojua dereva yuko hai. Asipokanyaga inalia kengele. Akikaa kimya bado, inafunga breki yenyewe.

Tukaondoka. Chombo kizuri, nisiseme uongo. Hakigongi, hakitoi moshi, kinavuma tu kwa chini. Mkonge unapita dirishani, safu kwa safu. Mashati meupe yanasifia. Idrisa anawaeleza volti zake, na kwa dakika chache akawa Idrisa yule wa sokoni.

Tukakaribia shamba la mzee.

Taa ikawaka. Halafu ya pili. Halafu zote.

Mkubwa mmoja akauliza hizo ni nini. Idrisa hakubonyeza kitu, lakini spika ilifunguka yenyewe. Zikatoka sauti. Za wazee, za kike na za kiume, nyingi. Hazikupandana. Kila mmoja alimwachia mwenzake amalize.

"Tumefika?"

"Mwanetu, tumefika?"

Wale wakubwa hawajui Kishambaa. Mmoja akacheka, akasema kumbe abiria wameshaanza kulalamika. Wenzake wakacheka. Idrisa akacheka nao, na kile kicheko nilikiona kinavyomtoka kwa taabu. Nikasimama mlangoni.

"Idrisa," nikasema kwa sauti ya chini. "Sema. Husna anakusubiri."

Aliniona kwenye kioo cha mbele. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi shingoni. Akaishika maiki. Mdomo ukafunguka, na naapa, ingawa nilisema sitaapa, neno lilikuwa ulimini. Kisha mkubwa mmoja akamgusa bega. Akamuuliza, kuna tatizo, dereva?

Idrisa akajinyoosha.

"Hakuna mtu humo," akasema kwenye maiki, kwa Kishambaa, ili wazee wamwelewe. Kisha kwa Kiswahili, ili waliosimama naye waelewe: "Ni hitilafu ya waya." Akazima.

Taa zote zikazima pamoja.

Kengele ikalia.

Idrisa akakanyaga pedeli. Kengele ikaendelea. Akakanyaga tena. Fanueli akainama kwenye skrini. Ilikuwa imeandika kwamba hakuna dereva.

"Kanyaga," Fanueli akamwambia.

"Nimekanyaga."

"Idrisa, kanyaga."

"Nimekanyaga, Fanueli."

Nilimwona. Alikuwa amesimama juu ya pedeli kwa miguu miwili, uzito wake wote uko pale, ameshika meza mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Na treni inasema hakuna mtu.

Breki zikafunga. Mashati meupe yakaangukiana. Mimi nikashika mlango. Treni ikaburuza, ikapunguza, ikasimama. Dirishani, upande wa milima, kulikuwa na migomba iliyosahaulika. Ni ya shamba la Mzee Ismaili.

Milango ikafunguka. Mabehewa yote. Upande wa milima tu.

Hakuna aliyebonyeza.

Kisha sakafu ikapanda. Taratibu. Gari lililojaza watu, wakishuka mmoja mmoja, linavyonyanyuka. Ndivyo hivyo. Fanueli akanigusa mkono, akanionyesha skrini. Uzito ulikuwa unapungua. Behewa hili. Lile. Lingine. Kwa kioo cha mlango niliona behewa la nyuma yetu. Magunia yalikuwa kwenye viti vyake, yamejaa vilevile.

Nje hapakuwa na mtu. Nyasi tu zilikuwa zinalala, mstari mmoja, kutoka kwenye reli kwenda mlimani. Upepo haukuwepo.

Milango ikajifunga.

Nikadhani yameisha. Nikavuta pumzi. Fanueli hakuvuta. Alikuwa bado anaangalia skrini. Mabehewa yote yalisoma matupu. Ndipo namba ya behewa la mwisho ikapanda. Uzito wa mtu mmoja. Ikatulia hapo.

Tukageuka.

Kiti cha dereva kilikuwa kitupu.

Chumba kile ni chembamba, watu hawapishani bila kugusana. Mlango wa nje ulikuwa umefungwa kwa ndani. Wakubwa watatu walikuwa wamesimama pale pale, na hakuna hata mmoja aliyemwona akipita. Waliulizana wao kwa wao kama watoto waliopotezewa mpira. Mimi na Fanueli tulikimbia mabehewa yote hadi la mwisho.

Alikuwa amekaa kwenye kiti, kati ya magunia, amefungwa mkanda. Kichwa kimeegemea kioo. Macho wazi, yako milimani. Anapumua. Nilimwita, nikampiga kofi, hakunigeukia. Mkanda haukufunguka, ikabidi Fanueli aukate kwa kisu. Kisha Fanueli akambeba peke yake mpaka nje, na Fanueli ni mwembamba kama mimi. Wakati ule sikulifikiria hilo.

Kampuni ilisema ni joto na uchovu. Vipimo vilikuwa na kasoro, wakasema, kama wanavyosema siku zote wasipotaka kuulizwa. Wale wakubwa sijawasikia tena kucheka wala kusema. Athumani, baada ya kuhakikisha kwamba yameisha, alishuka Mombo kwa gari, na koti lake. Akasimama mbele ya magunia yale, akakohoa, akayaambia kwa sauti kubwa kwamba wamefika. Aliyaambia magunia. Wenyewe walikuwa wameshajishukia.

Fanueli alinipitia mwezi uliofuata akiwa njiani kwenda kwao Mlalo. Aliomba kazi nyingine, akapewa. Akaniambia magunia yalishatolewa, mabehewa yakafagiliwa na kuoshwa, na behewa la mwisho likiwa tupu kabisa bado linasoma uzito wa mtu mmoja. Walibadilisha vipimo. Linasoma hivyo hivyo. Mwishowe waliiambia mashine ihesabu uzito huo kuwa ni sifuri, wakalipitisha kwenda kubeba abiria.

Husna alijifungua salama, mtoto wa kike. Idrisa yuko nyumbani. Ukimlisha anakula, ukimvuta mkono anatembea. Daktari anasema haoni ugonjwa. Mimi huenda kumsaidia mdogo wangu kufua, na kila nikiingia nampa Idrisa salamu, maana sasa hana pua ya kuniringia, na hilo halinifurahishi kama nilivyodhani lingenifurahisha.

Juzi mchana Husna aliniita chumbani. Idrisa alikuwa amelala chali, mikono kifuani, macho darini. Husna alikaa ukingoni mwa kitanda, upande wake, na mtoto mapajani, godoro likabonyea chini yake. Kisha akaniashiria kwa macho niangalie upande wa mumewe. Nikaangalia. Mwanamume mzima amelala pale, na godoro liko bapa. Shuka niliyoipiga pasi mwenyewe asubuhi haikuwa na hata mkunjo mmoja.

"Tangu mlipomleta, dada," akaninong'oneza. "Usiku napapasa, namgusa. Lakini kitandani tuko wawili tu, mimi na mtoto."